Witu, Ngome ya Watoro: Tunaisomaje Historia Yake?

 

Kila inapoguswa mada ya biashara ya utumwa, sisi Waislamu wa bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara na Kiberege hadi Kisawasawa na Mang'ula, hujikuta tumebanwa pande mbili. Shuleni watoto wetu husomeshwa kwamba Waarabu na Waswahili waliuza watu, kisha wamisionari wakaja kuwakomboa. Hutajiwa misheni ya Bagamoyo iliyoanza 1868 na kijiji cha Freretown cha Mombasa kilichoanza 1875. Msikitini nako hujibiwa kwamba Uislamu ndio uliofungua mlango wa kuwaacha huru watumwa, kwa hiyo tuhuma hizo ni uzushi. Pande zote mbili zinamzungumzia mtumwa kama mtu wa kukombolewa na mwingine. Hakuna anayemtaja yule aliyejikomboa mwenyewe kwa miguu yake, akakimbilia msituni, akajenga nyumba, akalima, akaswali.

Watu hao walikuwepo, na walikuwa wengi. Pwani waliitwa watoro. Mahali palipojulikana kuliko pote kwa kuwapokea ni Witu, mji wenye boma ulio bara ya Lamu, ambao mtawala wake alikuwa Muislamu. Katika makala haya tunataka kuyapima yale yaliyoandikwa juu ya Witu, tuone yamesema nini na yameacha nini, kisha tuyaweke mbele ya fiqhi. Tunafanya hivyo kwa sababu swali la nani alikuwa mtumwa kwa haki na nani hakuwa halijafungwa. Bado linavunja posa za vijana wetu.

WITU ILIKUWA NINI?

Ahmad bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alitokana na ukoo wa Nabahani uliotawala Pate kwa karne nyingi. Baada ya vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, nguvu za Pate zilipungua na mkono wa Mabusaidi wa Zanzibar ukaongezeka katika visiwa vya Lamu. Ahmad hakukubali kuwa chini yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika zama za Sayyid Majid bin Said (1856-1870), alitolewa visiwani akahamia bara, na mwisho akatulia Witu, karibu na mto Ozi na Tana. Mji ulizungukwa na msitu mnene, na ndani ya msitu pakawa na boma la magogo lenye milango.

Wakati huo huo, jambo jingine lilikuwa likiendelea Pwani. Malindi ilifufuliwa kuanzia 1861 chini ya Majid, na mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakapanuka huko na katika bara ya Lamu. Mashamba yalitaka mikono. Wengi wa waliotiwa humo walipitia Kilwa, wakitokea kusini na upande wa Ziwa Nyasa. Mkataba wa 1873 uliposimamisha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja, wafanyabiashara waliwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, mpaka Sayyid Barghash alipotoa amri za kukataza misafara hiyo mnamo 1876.

Mtu aliyetembezwa mwendo huo aliijua nchi kavu, na wengine walitoroka. Baadhi yao walikimbilia bara ya Mombasa na kujenga Fuladoyo miongoni mwa Wagiriama. Baadhi walikwenda mbali hadi mto Juba, katika nchi ya Gosha, ambako kizazi cha Wazigua kingali kikihifadhi Kizigua mpaka leo. Na baadhi yao waliingia Witu. Simba aliwapokea, akawapa ardhi, nao wakawa wakulima wake na askari wake. Pamoja nao walikuwepo watu wa Pate na Siyu waliomkimbia Sultani, Wabajuni, Waboni na Waoromo. Mabwana wa Lamu na Malindi walipodai mali zao, Simba hakuwarudisha watu.

Ili ajilinde na Zanzibar, Simba alitafuta msaada kwa Wajerumani. Alijaribu mwaka 1867 kupitia msafiri Richard Brenner, na akafanikiwa 1885 kwa ndugu Clemens na Gustav Denhardt. Mwaka huo Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya Witu. Simba alifariki 1888, akarithiwa na Fumo Bakari. Mwaka 1890 Wajerumani walipoiachia Uingereza nchi hiyo kwa mkataba wa Heligoland, ulinzi ukaondoka bila wenyeji kuulizwa. Mwezi Septemba mwaka huo Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel aligombana na watu wa Witu, akampiga risasi mlinzi wa mlango, naye akauawa pamoja na wenziwe. Mwezi Oktoba Waingereza, wakiongozwa na Admirali Fremantle, walikuja na mabaharia wao, polisi Wahindi wa kampuni ya IBEA na askari wa Sultani wa Zanzibar, wakaivunja Witu na kuichoma moto. Fumo Bakari alifariki Januari 1891. Fumo Omari aliendelea kupigana kutoka ngome za msituni za Pumwani na Jongeni mpaka nazo zikapigwa mwaka 1893.

WALIOIANDIKA WITU

Kundi la kwanza la waandishi ni maafisa na mabalozi wa Kiingereza. Katika ripoti zao Witu ni pango la wanyang'anyi, na watoro ni wahalifu waliowakimbia mabwana zao. Hapa msomaji na asimame azingatie. Dola iliyokuwa ikijisifu duniani kwa kufuta utumwa ndiyo iliyotuma manowari kuubomoa mji ambao watumwa walikuwa wamekimbilia. Chini ya miaka miwili kabla, Januari 1889, kampuni ya IBEA ilitoa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni kama ya Rabai. Fidia hiyo walilipwa mabwana, si watoro. Maana yake ni kwamba Waingereza walikiri haki ya bwana kwanza, kisha ndipo wakainunua. Hatukatai kwamba watu wa Rabai walinufaika. Tunasema kwamba wanaozisoma ripoti hizo kama ushahidi wa uadilifu wa mmoja na ukatili wa mwingine hawajazisoma mpaka mwisho.

Kundi la pili ni waandishi wetu wenyewe. Habari za Pate, zilizopokewa kwa Muhammad bin Fumo Umar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, ni hazina kubwa ya historia ya Pwani. Lakini ni hazina ya watawala. Zinahesabu masultani mmoja baada ya mwingine, vita vyao na ndoa zao. Mtoro hana jina ndani yake. Kosa hili si la Bwana Kitini peke yake. Ndiyo desturi ya tarehe nyingi za zamani, za Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Hata lugha yetu imeegemea upande wa bwana. Leo tukisema "mtoro" tunamkusudia mwanafunzi aliyekwepa shule, yaani mtu mwenye kosa. Hatuna neno la sifa kwa mtu aliyekimbia dhulma, ilhali tarehe ya Kiislamu inaanza kuhesabiwa kwa Hijra.

Kundi la tatu ni wanahistoria wa vyuo vikuu. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1977 juu ya utumwa wa mashambani, ameonesha kwamba kuwepo kwa mahali pa kukimbilia kuliwalazimisha mabwana kulegeza mkono. Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake cha 1979 juu ya Lamu, ameieleza Witu kama sehemu ya siasa na uchumi wa visiwa na bara. Fred Morton, katika kitabu chake cha 1990 juu ya watumwa walioachwa huru na watoro wa pwani ya Kenya, amewaweka watoro wenyewe katikati ya kisa. Kazi hizi ni za thamani, na tunawahimiza wanafunzi wetu wazisome badala ya kuzikataa kwa sababu tu waandishi wake si Waislamu. Elimu ni kitu kilichompotea muumini.

Lakini tuna neno nao. Cooper ameutazama Uislamu zaidi kama itikadi ya mabwana, kitu kilichotumika kumfanya mtumwa akubali daraja lake. Hilo lina ukweli wake, wala hatuwezi kulikana, kwani makadhi wa Pwani walihukumu kesi za watumwa kama kesi za mali. Hata hivyo, ukiishia hapo, utadhani sharia haikuwa na la kusema isipokuwa lile alilolitaka tajiri wa shamba. Swali la kifiqhi lenyewe halikuulizwa: je, watu wale walikuwa watumwa kwa hukumu ya sharia? Swali hili wanahistoria hawalazimiki kulijibu. Sisi tunalazimika.

HUKUMU YA MTORO

Mtu anayetaka kuwalaumu watu wa Witu anayo dalili mkononi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jarir bin Abdillah (r.a.), makemeo makali juu ya mtumwa anayemtoroka bwana wake, na miongoni mwake ni kwamba Swala yake haikubaliwi. Imam Nawawi katika sherehe yake ameleta maneno ya wanavyuoni juu ya Hadithi hii: wapo walioichukulia kwa yule anayeona kutoroka ni halali, na wapo waliosema kwamba Swala yake inasihi ila hapati thawabu zake. Vyovyote iwavyo, Hadithi ni sahihi, na hatuwi wakweli tukiificha.

Lakini Hadithi inamhusu nani? Inamhusu mtumwa. Na kabla hukumu ya mtumwa haijamfikia mtu, ni lazima ithibiti kwamba yeye ni mtumwa. Hapa ndipo kesi yote ilipo.

Kwa mujibu wa fiqhi, mtu huru hawi mtumwa kwa kutekwa njiani, wala kwa kuuzwa na mjomba wake wakati wa njaa, wala kwa kuwekwa rehani ya deni. Njia iliyotambuliwa ni mateka wa vita vya kisharia, kisha kuzaliwa na mama aliye mtumwa. Mwenye kumuuza mtu huru na akala thamani yake, huyo Mwenyezi Mungu ametangaza kuwa hasimu yake Siku ya Kiyama, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Tuulize basi: wale waliopitishwa Kilwa walipatikana kwa jihadi ipi? Iliyotangazwa na imamu yupi? Historia inatuambia kwamba walipatikana kwa uvamizi wa vijiji, kwa utekaji, kwa madeni na kwa njaa, na kwa vita vya makabila ambavyo bunduki na nguo za biashara ndizo zilizovichochea.

Yupo atakayejibu: wafanyabiashara Waislamu hawakuteka wenyewe, walinunua kwa makafiri waliotekana wao kwa wao, na wapo mafakihi walioruhusu kununua hivyo. Ni kweli wapo. Hata Ahmad Baba wa Timbuktu, aliyeandika risala mashuhuri juu ya mada hii mnamo 1615, hakufunga mlango huo kabisa. Alichosisitiza ni kwamba rangi ya mtu si sababu ya utumwa, na kwamba watu wa miji ya Kiislamu hawauziki. Lakini wanavyuoni hawakuishia kwake. Ahmad an-Nasiri wa Moroko, aliyefariki 1897, katika kitabu chake cha tarehe kiitwacho Al-Istiqsa, aliona hali ya masoko ya zama zake, akakumbusha kwamba asili ya binadamu ni uhuru, na kwamba neno la mchuuzi wa watu haliaminiki maana anatetea mfuko wake. Akataka mlango huo ufungwe. Huyu aliishi zama zile zile za Simba wa Witu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba tunawahukumu wazee kwa fikra za leo.

Tena hatuhitaji kwenda Moroko. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomwa sana na Mashafii wa Pwani, imo kanuni kwamba mtu akidai kuwa baleghe fulani ni mtumwa wake, naye akasema mimi ni huru, neno linalokubaliwa ni la anayesema yu huru, na mdai ndiye atakayetakiwa kuleta ushahidi. Mtoto aliyeokotwa naye huhesabiwa huru katika asili. Kanuni hizi zilikuwa zikisomeshwa Lamu na Mombasa. Lau zingetumika dhidi ya wenye mashamba, ni wangapi wangeweza kuleta mashahidi waadilifu juu ya asili ya kila mtu waliyemnunua?

Tuseme kweli yote. Katika mlango huo huo imo pia hukumu kwamba mtoto mdogo akiwa mkononi mwa mtu, na mtu huyo akadai ni mtumwa wake, huhukumiwa kuwa ni wake, maadamu haijulikani kwamba alimwokota. Na kukana kwa mtoto, hata akiwa na akili ya kupambanua, hakuzingatiwi. Hukumu hii iliwekwa kwa jamii ambayo kadhi angeweza kuuliza majirani juu ya asili ya mtoto. Katika biashara ya Kilwa, ambamo watoto walikuwa wengi na majirani zao wako mbali mwendo wa miezi miwili, ikawa kinga ya mtekaji. Si kosa la Imam Nawawi, ambaye alifariki mwaka 676 Hijria na hakuiona Kilwa ya karne ya 19. Ni kosa la waliochukua maneno ya kitabu wakaacha kuangalia hali iliyo mbele yao. Na hili ndilo somo la kwanza kwa wanafunzi wa fiqhi: kunukuu ni kazi moja, na kuihakiki hali inayohukumiwa ni kazi nyingine.

Baadhi ya ndugu huitetea Witu kwa visa viwili vya Sira. Katika kuzingirwa Taif, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitangaza kwamba mtumwa atakayeshuka kutoka ngomeni na kumjia atakuwa huru, akashuka Abu Bakra (r.a.) na wenziwe, na mabwana zao waliposilimu wakawadai, Mtume (s.a.w.) akakataa kuwarudisha. Vile vile Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba watumwa wa Makka walimjia Mtume (s.a.w.) kabla ya sulhu ya Hudaybiya, mabwana zao wakawataka, akakasirika na kukataa. Visa hivi ni vitukufu. Lakini mwanafunzi mwangalifu ataona tofauti: wale waliwakimbia makafiri waliokuwa vitani na Waislamu, na watoro wa Witu waliwakimbia Waislamu. Kwa hiyo haitoshi kuvitaja na kunyamaza. Hoja yenye kusimama ni ile tuliyoitanguliza: utumwa wao haukuthibiti kisharia. Ikisimama hoja hiyo, aliyemkimbia Muislamu aliyemshika bila haki ana haki kama aliyemkimbia mwingine yeyote, kwani dhulma haihalalishwi na dini ya dhalimu.

DOA LA WITU

Insafu inatutaka tusiifanye Witu kuwa pepo. Watu wa ngome hiyo, wakiwemo watoro, walivamia mashamba na vijiji. Wapokomo wa mto Tana, wakulima wasiokuwa na ngome, waliteseka mikononi mwao kwa kutozwa na kutekwa. Na ndani ya Witu yenyewe walikuwemo watumwa. Simba aliwapokea watoro wa adui zake kwa sababu alihitaji mikono na mikuki. Hakutangaza kwamba kila anayeingia nchini kwake ni huru kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu.

Hapa tunatofautiana na wanaotaka kumpamba Simba kama mkombozi. Kadhalika tunatofautiana na wanaosema kwamba kwa sababu hiyo Witu haina fundisho. Nia ya mtawala ni jambo moja na haki ya aliyekimbilia kwake ni jingine. Mkimbizi akipewa hifadhi na mtu mwenye maslahi yake, maslahi hayo hayamwondolei mkimbizi haki yake ya kukimbia. Na aliyedhulumiwa akigeuka kumdhulumu Mpokomo, kudhulumiwa kwake hakumpi ruhusa. Qur'ani, katika Suratul-Maida aya ya 8, imetuamrisha kwamba chuki ya watu isitupeleke kwenye kutokufanya uadilifu. Aya hiyo inamhusu Mwingereza aliyeandika ripoti, inamhusu askari wa Witu, na inatuhusu sisi tunaohukumu baada yao.

KWA NINI LINATUHUSU KILOMBERO?

Huenda msomaji wa Kisawasawa akasema: Witu iko Kenya, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu kwanza kwa sababu bonde letu nalo ni bonde la watu waliokimbia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wambunga waliingia humu baada ya misukosuko ya vita vya Wangoni, wakawakuta Wandamba wavuvi wa mto, huku Wabena wakiwa na watawala wao na Wahehe wakishuka kutoka milimani. Kila upande ulikuwa na mateka wake. Wapo miongoni mwetu ambao babu zao waliteka, wapo ambao bibi zao walitekwa, na wengi wana damu ya pande zote mbili. Leo wanasimama safu moja ya Swala.

Pili, utumwa haukuisha zamani sana. Wajerumani hawakuufuta, sheria yao iliwahesabu huru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905. Tanganyika iliufuta kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Unguja hali ya utumwa iliondolewa 1897, na pwani ya Kenya 1907. Wapo wazee waliolelewa na watu walioyaona hayo kwa macho.

Tatu, na hili ndilo zito: ndoa. Katika madhehebu ya Imam Shafii, uhuru ni miongoni mwa mambo ya kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke. Mtumwa, na hata aliyeachwa huru, hahesabiwi kuwa sawa na mwanamke wa asili ya uhuru, na mafakihi wameipeleka hukumu hiyo hadi kwa kizazi. Kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa ni sahihi bila tatizo. Lakini wapo mawalii wanaomkataa kijana mwenye dini na tabia njema, binti amemridhia, kwa kunong'ona kwamba "hao asili yao ni watumwa". Kisha husingizia fiqhi.

Tunawaambia ndugu hawa: mmeruka hatua. Kafaa ya uhuru inamwangalia yule ambaye utumwa wa mzee wake umethibiti kisharia. Nani amethibitisha? Ikiwa babu yake alitekwa utotoni kandokando ya mto na kuuzwa kwa kipande cha nguo, basi babu huyo alikuwa huru mbele ya Mwenyezi Mungu siku aliyotekwa, siku aliyouzwa na siku aliyokufa. Aliyekuwa na aibu ni muuzaji. Kumnyima mjukuu mke kwa sababu hiyo ni kuitekeleza hukumu ya mwizi dhidi ya aliyeibiwa, na kuirithisha. Kama walii anashikilia hivyo, imamu asimpe kitabu cha fiqhi kuwa ngao yake; amtake ushahidi, kama kadhi angemtaka bwana wa shamba. Na amkumbushe kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kiqureshi, aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, akaolewa naye na akaona kheri, kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

Tuna mifano karibu yetu pia. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa Qadiriyya, na watu wa kila asili wakakaa mbele yake mpaka alipofariki 1931. Lamu, karibu na Witu iliyokuwa imechomwa, Habib Saleh alifungua darsa zake kwa wana wa watumwa wakati ambapo wakubwa wa mji hawakupendezwa na jambo hilo, na kutoka hapo ikasimama Riyadha. Wanavyuoni hawa walifanya kwa elimu kazi ambayo boma la magogo lisingeweza kuifanya, kwani boma huungua.

HITIMISHO

Rai yetu ni hii. Historia ya Witu isomwe madrasani, isomwe yote: Simba na maslahi yake, watoro na haki yao, Wapokomo na machungu yao, moto wa 1890 na waliouwasha. Wasomeshaji wa historia wasiwanyang'anye watoro ushujaa wao na kuwapa wamisionari au manowari. Nasi wahubiri tuache kujificha nyuma ya maneno mazuri juu ya kuacha watumwa huru. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetenga fungu la Zaka kwa ajili ya shingo za watumwa, na aya ya 33 ya Suratun-Nur imeelekeza wapewe mkataba wa kujikomboa wanaoutaka. Ikiwa amri hizo zilikuwepo na mashamba ya Malindi yakajaa watu, basi tatizo halikuwa katika amri. Lilikuwa kwa waliokuwa nazo wasizifanyie kazi, na hilo ni onyo kwetu kabla ya kuwa hoja kwa adui.

Na kila imamu wa bonde hili ajiulize, ifikapo posa mlangoni kwake na minong'ono ikaanza, atasimama na nani. Mtoro wa Witu alikuwa na msitu wa kujificha. Mjukuu wake hana msitu, ana msikiti.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atuoneshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Wallahu aalam.